Kopo, Kama na Rudia

3 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naitanguliza mapema kwa sababu mara ya mwisho niliisahau, ukaniandikia ukurasa mzima kuhusu watoto wa siku hizi. Huku tu wazima. Baba anakusalimu. Tangu astaafu ukarani wa mahakama amekosa watu wa kuwasomea hukumu, kwa hiyo ananisomea mimi. Jana chai ilifurika jikoni, akaja mlangoni akatamka kwamba nimetenda "uzembe uliokithiri wenye kuhatarisha makazi". Chai, Shangazi. Kikombe kimoja cha chai.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Nilipokupigia kukwambia nimepata kazi chuoni, wewe na masikio yako yaliyoharibiwa na mashine za kiwandani mlisikia "jikoni", na sasa mtaa wenu wote unanipongeza kwa upishi. Basi nieleze upya. Nafundisha watu wazima kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata moja baada ya jingine. Wanafunzi wangu wanakuja Jumamosi: dereva wa lori, muuguzi, kinyozi, mpishi wa shule. Siku ya kwanza walikuja thelathini na mmoja. Jumamosi iliyopita walikuja tisa, na mmoja wao alikuwa amefuata mwavuli wake aliousahau.

Mkuu wa chuo anasema tatizo si wao, ni mimi. Ameniagiza niandike kitabu cha somo hilo kwa lugha ambayo mtu yeyote ataielewa. Nimempelekea sura ya kwanza, akairudisha imejaa wino mwekundu. Yule mama anasoma kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki, na viatu vyake vinalia kwii kwii, hata hukumu yako unaisikia ikija kutoka mwisho wa ukumbi. Amenipa mpaka mwisho wa Juni.

Naambatanisha sura hiyo. Isome, uniambie umekwama wapi. Katika watu wote duniani, wewe ndiye "mtu yeyote" ninayemwamini.

Mwanao,
Kiherehere


17 Februari

Marahaba, Kiherehere wangu.

Mimi mzima, miguu mizima, masikio hayajambo kwa kuwa hayasikii mabaya ya watu. Majirani nimewaambia si jikoni, ni chuoni. Wamesikitika kidogo. Walitegemea utapika siku moja ukija.

Sasa sura yako. Unaanza hivi: "Kigeu ni utambulisho wa kiishara wa eneo la hifadhi lililotengwa ndani ya kumbukumbu ya mfumo." Nimeisoma mara nne. Mara ya nne nilisimama wima, nikidhani labda nikisimama itaingia. Haikuingia. Nimekwama kwenye neno "ni".

Mwanangu, hii si sauti yako. Hii ni sauti ya kaka yangu akiwa amevaa tai. Wewe ulipokuwa na miaka sita ulinieleza jinsi buibui anavyotengeneza utando mpaka nikaacha kufagia pembe zile za dari kwa heshima. Ulitumia kidole na uzi wa sweta. Yule mtoto yuko wapi? Niandikie kama unaniandikia mimi.

Tena nataka kujaribu mwenyewe, si kusoma tu. Kompyuta sina, lakini nilipeleka saa yangu ya ukutani kwa fundi saa wa barabara ya pili, na pale kwenye meza yake, kati ya saa zilizofunguliwa matumbo, ipo kompyuta kuukuu yenye vitufe vya rangi ya meno ya mvutaji. Anaitumia kuandikia risiti tu. Ameniambia niitumie wakati wowote. Aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, bila kunipigia kelele sikioni kama wengine. Ni mtu mpole, mikono misafi, mjane miaka sita sasa. Nakutajia tu ili ujue kompyuta ni ya nani.

Shangazi yako


26 Februari

Shangazi,

Shikamoo tena. Baba ameisoma barua yako bila ruhusa (ameiita "ukaguzi wa kawaida") na hajafurahia habari ya tai.

Nimecheka, nikaona aibu, nikacheka tena. Sawa, twende. Ndani ya bahasha kuna flashi, kile kijiti kidogo cheusi. Fundi saa akichomeke kwenye kompyuta yake. Kitafungua ukurasa mtupu unaoelewa maneno machache ya Kiswahili, nimeutengeneza kwa ajili ya wanafunzi wangu. Na haya ndiyo yote unayohitaji kuanza.

La kwanza, kopo. Jikoni kwako kuna makopo yenye majina ubavuni: SUKARI, CHUMVI. Jina halibadiliki, lakini kilichomo leo ni nusu, kesho kimejaa. Kompyuta nayo ina makopo. Ukiandika umri = 20, umechukua kopo, umelipatia jina la umri, umetia 20 ndani. Kesho ukitia 21, ile 20 imetoka. Hicho ndicho kile "kigeu" kilichokusimamisha wima.

La pili, kama. Kiwandani uliniambia uzi ukikatika mashine inasimama yenyewe. Maana yake mashine ilikuwa inajiuliza muda wote: kama uzi umekatika, simama, la sivyo, endelea. Programu zote duniani, hata zile za kurushia ndege, zimejaa swali hilo.

La tatu, rudia. Hutaki kuandika agizo moja mara mia. Unaliandika mara moja, unaiambia kompyuta irudie. Lakini lazima uiambie iache lini. Kompyuta haichoki, haisikii njaa, haioni kwamba watu wamekwenda nyumbani. Usipoiambia iache, haiachi.

Jaribu. Usiogope kukosea, haiwezi kuvunjika kwa kuandikiwa vibaya.

Kiherehere


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, nitakupa na za akiba. Mwambie kaka yangu barua za dada yake zikaguliwe na walioandikiwa.

NIMEANDIKA PROGRAMU. Samahani kwa herufi kubwa, ndivyo ninavyojisikia tangu Jumanne.

Nilianza na kopo la umri. Nikatia 49. Fundi saa alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliangalia ile 49, akaangalia dari, akaenda kupangusa saa ambayo tayari ilikuwa safi. Baadaye kidogo nikarekebisha, nikatia 58. Akarudi. Kwa hiyo nimeelewa kwamba kilichomo kwenye kopo kinaweza kubadilika mbele ya mashahidi.

Kwenye kama hukunifundisha kitu, hiyo nimeifanyia kazi miaka thelathini bila kujua jina lake. Nilipoisoma nilipiga meza kwa kiganja, skrubu ndogo ndogo za fundi zikaruka zikatawanyika sakafuni. Tulizitafuta kwa magoti, sisi wawili, nusu saa. Nilikuwa namwambia, "Mimi nilikuwa ndani ya kompyuta tangu nina miaka ishirini na sita!" Naye anaitikia kwa kichwa, ana skrubu mdomoni.

Ila kwenye rudia ndipo tulipochekesha mtaa. Niliiambia kompyuta iandike HABARI ZA ASUBUHI, nikasahau kuiambia iache. Ikaamkia. Ikaamkia tena. Skrini nzima ikawa inaamkia, inapanda juu kama maji. Mimi nabonyeza kila kitufe, fundi saa naye anabonyeza vile nisivyobonyeza, vidole vyetu vikagongana, tukaanza kucheka. Mteja mmoja aliyeleta saa ya mkononi akachungulia, akatuona watu wazima wawili tunalia kwa kicheko mbele ya mashine inayotuamkia, akaondoka na saa yake. Mwishowe fundi alichomoa waya ukutani. Akakaa chini, akaandika kwenye karatasi yetu: "Sijacheka hivi tangu niwe peke yangu."

Karatasi hiyo ninayo. Nimeihifadhi kwa ajili ya masomo.

Mkuu wako anasemaje kuhusu kitabu?

Shangazi


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku mvua tu. Baba amejifungia na kamusi, anasema anataka kujua tofauti ya "ghadhabu" na "hamaki" kabla hajachagua ipi anayo na wewe.

Barua yako nimeisoma kwa sauti chumbani, nikirukaruka. Sasa uko tayari kwa mbinu za kazi, yaani namna waandishi wa programu wanavyofanya ili wasijichanganye.

Ya kwanza: hatua ndogo. Usiandike kurasa tatu ndipo ujaribu. Andika mstari, jaribu. Andika mwingine, jaribu. Kikiharibika kitu, utajua kimeharibiwa na mstari wa mwisho, hutaanza kuushuku kila mstari.

Ya pili: kabla hujafanya kazi, andika kwanza utajuaje kwamba imefaulu. Kwa mfano: "Nikitia 2 na 3, nataka nione 5." Ndipo uifanye. Ukianza kufanya kabla ya kusema unataka kuona nini, utakubali chochote kitakachotokea na kudai ndicho ulichotaka.

Ya tatu: wawili kwenye mashine moja. Mmoja anaandika, mwenzake anakaa kando anatazama na kusema. Baada ya muda wanabadilishana. Anayeandika anaona mstari mmoja, anayetazama anaona njia nzima. Watu wakizoeana hivyo, mmoja humaliza sentensi ya mwenzake.

Hii ya tatu nadhani mmeanza bila kuambiwa. Na hapo ndipo ninapouliza: katika barua yako ya mwisho fundi saa ametajwa mara kadhaa. Saa yako ya ukutani haijatajwa hata mara moja. Je, bado haijapona? Na je, pale mezani kuna viti viwili au kimoja?

Kitabu kinaendelea. Nimefikia sura ya nne. Haya ninayokuandikia wewe siyatii humo, bila shaka; kitabu lazima kivae suti.

Kiherehere


20 Aprili

Kiherehere,

Marahaba. Sisi wazima, hasa mimi.

Mbinu tatu nimezipokea. Ya hatua ndogo nimeipenda. Ya pili, ile ya kuandika kwanza utajuaje kwamba imefaulu, nimeitumia kwa jambo jingine kabisa lisilohusu kompyuta. Nimeandika kwenye karatasi nitakachotaka kuona, nimekunja, nimeweka chini ya godoro. Usiniulize.

Maswali yako kuhusu viti na saa sikuyasikia. Unajua masikio yangu.

Nimeandika programu inayomuuliza mteja jina lake na saa anayoileta, kisha inamwambia aifuate siku gani. Fundi saa ameitumia wiki nzima. Zamani alikuwa anapoteza nusu ya asubuhi akitafuta saa ya nani iko wapi. Jana mwalimu mmoja wa shule aliuliza nani ameitengeneza, fundi akaninyooshea kidole kwa mkono mzima kama anaonyesha mlima. Niliona haya, nikajifanya natafuta skrubu.

Sipendi hiyo habari ya suti. Fikiri tena.

Shangazi


9 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, kazi zimekuwa nyingi. Baba hajambo, goti lake halijambo, paka hajambo. Mvua zimekatika. Nimepaka rangi dirisha la chumba changu, kijani, limependeza. Ninalala sana siku hizi, jambo ambalo wanasema ni zuri kwa ngozi.

Hakuna jipya. Nisalimie fundi saa.

Mwanao


16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Paka hajambo, dirisha ni kijani. Nimeelewa.

Sasa nisikilize mimi, mtu asiyesikia. Barua zako zote zilikuja ndani ya bahasha za chuo zenye jina la chuo pembeni. Hii imekuja ndani ya bahasha ya dukani. Zote uliziandika wakati wa mapumziko ya kazi, wino ukikimbia. Hii mwandiko umetulia kama wa mtu asiye na pa kwenda. Na hukujiita Kiherehere. Kama bahasha imebadilika na jina limepotea, basi kuna jambo. La sivyo, ningekuwa nimepoteza miaka thelathini kuangalia nyuzi bure.

Hujaniambia, na sikulaumu. Nami yapo ambayo sijakwambia.

Nimefanya kitu leo asubuhi. Utakijua. Utanikasirikia siku mbili, labda tatu. Fundi saa alinisindikiza mpaka posta, na alikubali kwamba ni sahihi, kwa hiyo ukikasirika gawanya kwa wawili.

Kula vizuri.

Shangazi yako


5 Julai

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Shikamoo mara mia, na sijakosea rudia, nimekusudia!

Nilikukasirikia siku moja na nusu. Sasa naandika nimesimama, kwa sababu nikikaa narukaruka kwenye kiti na baba anasema nitavunja "samani za familia".

Nianze na nilichokuficha. Mei nilimpelekea mkuu kitabu chote, sura nane, suti na tai. Alikisoma siku tatu. Akaniita akasema, "Binti, nimekisoma chote na sijamwona mwanafunzi hata mmoja ndani yake." Kufikia hapo darasani walikuwa wamebaki watano. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio, na ulikuwa unaisha Juni. Sikungoja kuambiwa. Nilisafisha meza yangu, nikatia vitu vyangu kwenye boksi, nikaenda nyumbani kupaka rangi dirisha. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu wewe ulikuwa huko unaandika programu zinazofanya kazi, na mimi mwalimu wako nilikuwa nimeshindwa.

Halafu Jumatatu moja mkuu mwenyewe akapiga simu. Njoo ofisini. Nikaenda. Nikamkuta mezani amevua viatu kabisa, na mbele yake, Shangazi, mbele yake barua zangu zote nilizokuandikia! Na juu ya barua hizo, karatasi uliyomwandikia: "Mimi nilisoma mpaka darasa la saba na masikio yangu ni mabovu. Leo naandika programu. Hizi ndizo zilizonifundisha. Ukimaliza uzirudishe, ni zangu."

Akachukua barua ya kwanza, akasoma kwa sauti, polepole: "Yule mama anasoma kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki, na viatu vyake vinalia kwii kwii."

Nilitaka sakafu ifunguke.

Nikasema, "Mama, naomba nieleze."

"Umeshaeleza," akasema. "Nimetafuta mwiba kwenye hizi barua tangu Ijumaa. Sijaupata." Kisha akaegemea mbele. "Kwa nini ulinipa kile kitabu, wakati hiki ulikuwa nacho?"

"Nilidhani kitabu lazima kisikike kama kitabu."

"Nani alikwambia?"

Nilimfikiria baba na kamusi yake. Ndipo akaanza kucheka, yule mama, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kesho yake nikampelekea na majibu yako ayasome (nisamehe), akasema kopo la umri lenye 49 amemsomea mumewe wakati wa chakula.

Barua ndizo kitabu! Kopo, kama, rudia, hatua ndogo, vyote kama vilivyo, na majibu yako ndani yake ukikubali, kwa sababu anasema mwanafunzi akikuona wewe unakosea na kucheka hataogopa kukosea. Mkataba wangu umekuwa wa miaka miwili. Jumamosi iliyofuata niliwasomea wale watano habari ya kompyuta iliyoamkia mtaa mzima. Muuguzi akasema, "Yaani rudia ni hivyo tu?" Akatoka nje na simu yake kuwaita walioacha. Jumamosi hii wamekuja ishirini na sita. Mpishi wa shule ametengeneza rudia isiyoacha kwa makusudi, darasa zima likapiga makofi, na nimechomoa waya mimi mwenyewe.

Unakubali barua zako zichapwe? Na sasa kwa kuwa mimi nimesema yangu, sema yako. Chini ya godoro kuna nini?

Kiherehere, Kiherehere kabisa


19 Julai

Kiherehere wangu,

Marahaba mara mia moja na moja, nimekuzidi.

Nilipoisoma barua yako dukani nilipiga ukelele. Mimi sikuusikia, ila saa mbili za mezani zilianguka na fundi saa akaja mbio na koleo mkononi. Nikampa asome. Akasoma mpaka mwisho, akavua miwani, akanishika mkono, hakuurudisha. Zichapwe. Ile 49 iache, nimekwisha kuaibika, afadhali ifaidishe watu.

Sasa yangu.

Kwenye karatasi chini ya godoro niliandika Aprili: "Nitajua imefaulu akija nyumbani siku ambayo duka limefungwa, bila sababu yoyote ya saa." Nikangoja. Jumapili ya kwanza akaja, akasema amekuja kuangalia kama saa ya ukutani inakwenda vizuri. Haikuhesabika. Jumapili ya pili, saa hiyo hiyo. Ya tatu akaleta betri. Mwanangu, saa ile ilikaguliwa kuliko kitu chochote mtaani. Ndiyo sababu sikuitaja kwenye barua, ningeitaja ungejua.

Jumapili iliyopita akaja mikono mitupu. Akakaa. Nikamuuliza, "Umefuata saa?" Akatikisa kichwa. Akachukua karatasi aandike, akaiweka. Akasogeza kiti mbele yangu kabisa nipate kuuona mdomo wake, akasema taratibu, "Nimekuja tu."

Hapo nikafikiri, jaribio limepita, twende hatua inayofuata. Kesho yake asubuhi niliwahi dukani kabla yake, nikamwandikia programu. Alipofungua kompyuta ikamuuliza: JE, UTANIOA? JIBU NDIYO AU HAPANA. Nami nimekaa kando ninatazama, kama mbinu ya tatu inavyosema.

Yeye huandika kwa kidole kimoja. Akaanza kuandika. Akaandika, akaandika, dakika kumi nzima, jasho linamtoka. Aliandika kwamba tangu niingie na ile saa kwapani hakuwa tena na haraka ya kufunga duka. Aliandika habari ya skrubu. Aliandika mistari kumi na moja, nami nasoma begani kwake machozi yananitoka. Akabonyeza. Kompyuta ikajibu: SIJAELEWA. JIBU NDIYO AU HAPANA.

Tulicheka mpaka jirani wa duka la viatu akaja kuuliza kuna msiba gani. Fundi akamgeukia yule jirani, akamwambia, "Ndiyo." Jirani akashangaa. Akanigeukia mimi, "Ndiyo." Akainama akaiandikia na mashine, herufi moja moja, ndiyo.

Harusi ni Jumamosi ya pili ya Septemba, kwa hiyo wape wanafunzi wako likizo au uwalete. Mkuu wako naye nimemwalika, aje na viatu vyovyote anavyopenda.

Limebaki jambo moja tu. Kaka yangu bado hajui. Tangu nifiwe na mume wangu yeye alishatamka kwamba mimi nimestaafu habari za ndoa, na nikimwandikia atanijibu kwa vifungu vya sheria. Mkalishe chini, mpe chai, umweleze wewe. Mweleze kwa lugha nyepesi, hatua ndogo ndogo, na akikwama usimcheke.

Shangazi yako, bibi harusi